Somo la Kikundi: Kitabu cha Matukio Kilichobaki Kitupu



Somo la safari hii ni la kusomwa mkiwa pamoja. Mmoja asome kwa sauti, na asiharakishe. Maswali yako mwisho. Najua wengine mtauliza: mambo ya manesi kuandika makosa yao yanatuhusu nini sisi wakulima na wafuga kuku? Yanatuhusu, kwa sababu vikundi vingi vinavyosoma gazeti hili vina mtu wao katika kamati ya dispensari au ya kituo cha afya. Na kamati hiyo, mara nyingi bila kujua, ndiyo huamua kama makosa yatasemwa au yatafichwa.

Nianze na jambo nililolikuta mwenyewe nikizunguka kufundisha kamati. Dispensari sitaitaja.

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Nesi alikuwa peke yake, mwenzake yuko likizo, na kina mama zaidi ya arobaini walikuwa kwenye benchi na chini ya mti. Alikuwa akitoa chanjo ya surua, ile kina mama huita sindano ya miezi tisa. Chanjo hiyo huja ikiwa unga ndani ya kichupa. Lazima ichanganywe na maji yake maalum, ambayo nayo huja katika kichupa kidogo cha kioo kinachovunjwa shingo. Kichupa kimoja cha chanjo kikaisha, nesi akafungua friji, akachukua kingine pamoja na kichupa cha maji, akavunja, akavuta kwa sindano. Mama mmoja aliyekuwa mbele, mwenye mapacha, akamwambia, "Sista, hiyo ya kwanza haikuwa na maandishi ya rangi ingine?"

Nesi akatazama. Hayakuwa maji ya chanjo. Ilikuwa dawa ya oksitosini, ile anayodungwa mama akishajifungua ili asivuje damu nyingi. Ilikuwa imewekwa katika trei moja na maji ya chanjo, kwa kuwa nayo hutaka baridi na friji ilikuwa moja tu. Akaitupa, akavunja kichupa cha kweli, akaendelea na kazi. Hakuna mtoto aliyeguswa. Aliponea chupuchupu.

Msione ni jambo dogo. Mwezi wa Septemba 2014, katika jimbo la Idlib nchini Syria, watoto 15 walikufa katika kampeni ya chanjo ya surua. Chanjo yenyewe haikuwa na ubaya. Ilichanganywa, badala ya maji yake, na dawa ya kulegeza misuli ambayo hutumiwa wakati wa upasuaji. Vichupa vilifanana, na vilikuwa vimewekwa katika friji moja. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, matibabu yasiyo salama hospitalini huleta matukio ya madhara milioni 134 kila mwaka, na vifo kama milioni 2.6. Mengi ya matukio hayo hayana mtu mbaya ndani yake. Ni trei moja, mtu mmoja aliyechoka, na foleni ndefu.

Sasa turudi kwa nesi wetu. Jioni ile alifanya jambo la kiungwana. Dispensari ilikuwa na kitabu cha matukio, na alikuwa amefundishwa kukitumia. Akaandika mistari sita: saa, kazi aliyokuwa akiifanya, vichupa vilikuwa wapi, nani aligundua, na kwamba friji inahitaji visanduku viwili vya kutenganisha dawa. Akatia sahihi yake.

Kitabu kikasomwa katika mkutano wa kamati. Neno la kwanza lililotoka kwa mwenyekiti lilikuwa hili: "Kwa hivyo wewe ulitaka kutuulia watoto?" Wengine wakadakia. Jambo likatoka nje, likafika sokoni limevimba, ati watoto wawili wamelazwa. Akapewa barua ya onyo. Baada ya miezi mitatu akaomba uhamisho, akaenda zake.

Mimi nilifika mwaka mmoja na zaidi baadaye. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye heshima, mwalimu mstaafu, na alinipokea vizuri sana. Akanifungulia kitabu cha matukio kwa furaha. Baada ya ile mistari sita hakukuwa na neno. Kurasa nyeupe, miezi kumi na minne. "Unaona, mwalimu?" akaniambia. "Tangu tulipokaza kamba, hakuna kosa hata moja."

Nikamwomba nesi mpya atufungulie friji kidogo. Trei ilikuwa ile ile moja. Maji ya chanjo upande huu, oksitosini upande ule, na katikati vimechanganyika.

Nimefikiri sana juu ya kitabu kile. Kamati ilidhani kurasa nyeupe zinaonyesha usalama. Zilionyesha hofu. Dispensari inayohudumia watu kila siku, miezi kumi na minne, haiwezi kukosa hata kadi moja iliyobadilishana, hata mgonjwa mmoja aliyeteleza sakafuni, hata kipimo kimoja cha dawa kilichohesabiwa vibaya na kurekebishwa. Mambo hayo yalitokea. Hayakuandikwa tu.

Nanyi wenye vikundi vya kuweka akiba mnalijua hili kuliko mnavyodhani. Mweka hazina anayesema leo, "Jamani, shilingi mia mbili hazionekani, tuhesabu pamoja," mkimrukia kwa matusi, mwezi ujao hatasema. Atajaza kutoka mfukoni, kisha atakopa kwa pesa za kikundi ajaze, na mwisho wa mwaka mtakuta pengo la elfu ishirini. Kitabu chake wakati wote huo kitakuwa kisafi sana.

Tusiwacheke wanakamati wale. Nchi nzima ilifanya hivyo hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 2018 habari zilienea kwamba katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa amepasuliwa kichwa ambaye hakuwa wa kupasuliwa. Wagonjwa walikuwa wawili, mmoja akihitaji upasuaji na mwingine hakuuhitaji, na vitambulisho vyao vilikuwa vimebadilishana. Madaktari waligundua wakiwa tayari ndani, walipokosa damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta. Siku zile, redioni na katika matatu, swali lilikuwa moja: ni nani? Wahudumu wakasimamishwa kazi, mkuu wa hospitali naye akaondolewa afisini. Madaktari wenzao wakalalamika, wakasema mtu mmoja anabebeshwa mzigo wa hospitali nzima. Sisemi hakuna aliyestahili kuulizwa. Nasema swali la pili, lile la jinsi vitambulisho vya watu wawili vinavyoweza kubadilishana kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji bila mtu yeyote kushtuka, liliulizwa kwa sauti ndogo mno.

Watu wa ndege walijifunza jambo hili mapema, na walijifunza kwa vifo. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya kampuni ya TWA, safari nambari 514, ilikuwa ikishuka kwenda uwanja wa Dulles karibu na Washington, Marekani. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ikagonga mlima, na watu wote 92 waliokuwa ndani wakafa. Wachunguzi walipochimba wakakuta jambo la kusikitisha. Majuma sita kabla, ndege ya kampuni nyingine, United, ilikuwa imekaribia kuugonga mlima ule ule kwa sababu ile ile. Agizo la kushuka lilikuwa na maana moja kwa waongozaji wa ndege walio chini na maana nyingine kwa rubani. Rubani wa United aliponea chupuchupu, akasema, na kampuni yake ikawaonya marubani wake. Lakini onyo halikutoka nje ya kampuni. Wale wa TWA hawakulisikia.

Basi mwaka 1976 Wamarekani wakaanzisha mpango wa kupokea taarifa za chupuchupu kutoka kwa marubani wote. Jambo la kuangalia hapa ni nani alipewa kazi hiyo. Haikupewa idara inayotoa leseni za urubani na kuadhibu. Ilipewa NASA, shirika la mambo ya anga, ambalo halina uwezo wa kumfunga mtu wala kumnyang'anya leseni. Rubani huandika, majina huondolewa, na funzo husambazwa kwa wote. Mpango huo bado unaendelea, na umepokea taarifa zaidi ya milioni moja.

Hapa kwetu, wenye matatu wana mpango wao pia. Dereva akikuta polisi wameweka kizuizi, humwashia taa kila anayekuja upande wa pili. Hakuna anayemwuliza, "Wewe ulikuwa umebeba watu wangapi hata ukaogopa?" Habari hufika haraka kwa sababu anayeitoa haumii na anayeipokea hufaidika papo hapo. (Laiti wangeambiana mashimo ya barabarani kwa bidii hiyo.)

Haya, sasa tuone kazi yenyewe. Taarifa nzuri ni ya namna gani, na kamati iipokee vipi?

Kwanza, iwe fupi. Nimeona fomu za kurasa nne zilizotoka afisi kubwa. Nesi mwenye wagonjwa sitini hataijaza hiyo, na hapo tusimlaumu. Ukurasa mmoja watosha: lini, wapi, nini kilitokea au kilikaribia kutokea, hali ilikuwaje wakati huo, mgonjwa alifanyiwa nini baadaye, na mwandishi anadhani nini kingezuia. Iandikwe siku ile ile, kabla ya zamu kuisha, kwa maana kufikia Jumatatu akili itakuwa imeshapanga hadithi upya.

Pili, ieleze kilichoonekana na isitoe hukumu. Linganisheni maneno haya. "Nesi alizembea akachukua dawa isiyo sawa." Na haya: "Saa nne na nusu, nesi mmoja, kina mama zaidi ya arobaini, maji ya chanjo na oksitosini katika trei moja, vichupa vya ukubwa mmoja." Sentensi ya kwanza haina la kufanya ila kumfokea mtu. Ya pili inakuonyesha mahali pa kushika: trei, watu wa zamu, siku ya kliniki.

Tatu, na hili ndilo huwashinda wengi, kamati isiletewe majina. Mkuu wa dispensari anaweza kuyajua kwa ajili ya kumfuata mgonjwa na kumsaidia mhudumu. Lakini linapofika mezani kwa wanakamati, jina la mgonjwa ni siri yake, na jina la nesi halisaidii kutenganisha vichupa. Kituo kikiwa na nesi mmoja tu bila shaka kila mtu atamjua. Hapo kinga ya pekee ni tabia ya wanaosikiliza, na lile neno la kwanza la mwenyekiti. Laiti mzee yule angeanza kwa kusema, "Asante sista kwa kutuambia. Tufanye nini na hiyo friji?"

Nne, jibu lirudi. Watu wanaofanya kazi hospitalini huacha kuandika kwa sababu mbili kubwa. Moja ni hofu. Ya pili ni kuona wameandika mara tatu juu ya taa iliyokufa katika chumba cha kuzalia na hakuna aliyeibadilisha. Mtu huchoka kuongea na ukuta. Kila mkutano uanze kwa kusema: mwezi jana tuliletewa haya, hili tumelifanya, hili tumelipeleka kaunti, hili tumelishindwa kwa sasa.

Na asiandike nesi peke yake. Mfagiaji ndiye wa kwanza kuona sindano iliyotumika imeanguka nje ya sanduku lake. Mlinzi wa usiku ndiye anajua mama mja mzito aligonga lango saa nane akakaa nusu saa bila kufunguliwa. Wasioandika waseme, mwingine awaandikie. Hata mgonjwa. Kumbukeni aliyeokoa watoto siku ile alikuwa mama mwenye mapacha, aliyekuwa na macho na hakuogopa kuuliza.

Kwa upande wa dawa, serikali ina njia yake. Bodi ya Madawa na Sumu hupokea taarifa za dawa iliyomdhuru mtu kwa fomu ya manjano, na za dawa yenyewe kuwa mbovu kwa fomu ya waridi. Mwananchi wa kawaida pia anaweza kutoa taarifa hizo. Mkimeza dawa mkavimba mwili, au vidonge vikitoka vimebadilika rangi, msitupe na kunyamaza. Rudini navyo kituoni, mwombe iandikwe.

Sasa najua kuna mtu kwenye benchi ameanza kununa. Anasema moyoni: kwa hivyo watu watuumize, waandike karatasi, tuwaambie asante? Swali lake ni la haki, na hasa kama ni mzazi aliyeumia. Tusilipite.

Kuna kosa la mtu anayefanya kazi yake kwa nia njema akateleza. Huyo afarijiwe, na shimo alilotumbukia lifukiwe. Kuna mazoea mabaya, kama nesi anayejua hapaswi kutoa dawa bila kusoma maandishi lakini ameacha kusoma kwa sababu kila siku imekwenda sawa. Huyo akalishwe chini aonywe, na tuulize ni nini kimemzoesha. Halafu kuna yule anayekuja kazini amelewa, anayeuza dawa za kituo, anayempiga kofi mama anayejifungua, anayedai kitu kidogo kabla ya kumgusa mgonjwa. Hayo si matukio ya kuandikwa kitabuni na kufungwa. Hayo yapelekwe kwa wakubwa wa afya wa kaunti, kwa baraza linalosimamia manesi au lile linalosimamia madaktari, na ikibidi kwa polisi. Kitabu cha matukio kisiwe kichaka cha kuwafichia.

Na mgonjwa aliyedhurika aambiwe. Hilo halina mjadala. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa 2013 unatambua haki ya mgonjwa kupewa habari na kulalamika. Kuandika kitabuni na kumweleza mzazi ni mambo mawili, yote lazima. Nimeona familia ikisamehe jambo zito kwa sababu daktari alikwenda nyumbani, akaketi, akasema ukweli. Nimeona pia kesi ya miaka iliyoanza kwa sababu ya uongo mdogo kwenye faili.

Wanaopenda kusoma Neno wafungue Kumbukumbu la Torati 22:8. Kule nyumba zilikuwa na dari tambarare, watu hukaa juu jioni. Mwenye kujenga nyumba mpya aliagizwa azungushie dari lake ukingo mtu asije akaanguka. Agizo lile linakwenda kwa mwenye nyumba, kabla ya mtu kuanguka. Kamati ya dispensari ndiyo mwenye nyumba.

Mtataka kujua ile dispensari iliishaje. Siku ile tulipofunga friji, mzee mwenyekiti alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe barua ile niliiandikia friji." Hakuna aliyecheka. Kikundi cha kina mama cha hapo jirani kikanunua visanduku viwili vya plastiki vyenye vifuniko, chekundu na cha buluu, shilingi mia tatu na hamsini vyote. Nesi akaandika kwa kalamu nzito: CHANJO, na kingine: WAZAZI. Kitabu hakikujaa mara moja. Nesi mpya aliandika jambo lake la kwanza baada ya miezi miwili, kadi mbili za watoto wenye jina moja zilizobadilishana, na mzee akaenda mwenyewe asubuhi kumshukuru. Nilipopita tena yalikuwa matukio tisa. Mwanakamati mmoja aliogopa, akaniuliza kama dispensari yao imeharibika. Nikamwonyesha zile kurasa nyeupe, akazitazama, akafunga kitabu taratibu.

Yule nesi wa kwanza hakurudi. Yuko kaunti nyingine. Mzee alimwandikia barua ya kuomba radhi. Sijui kama alijibiwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, dispensari au kituo chenu kina kitabu cha matukio? Mwanakamati aliye hapa aseme kiliandikwa lini mara ya mwisho, na jambo lililoandikwa lilifanyiwa nini.

2. Mkiwa wagonjwa au wazazi, mmewahi kuona jambo likielekea kwenda kombo mkanyamaza? Mliogopa nini?

3. Ni jambo gani dogo, la bei ya chini kama vile visanduku viwili, ambalo kikundi hiki kinaweza kuwatengenezea wahudumu wetu mwezi huu? Nendeni mkawaulize wao kwanza.

4. Mara ya mwisho mtu kukiri kosa mbele ya kamati, au mbele ya kikundi hiki chenyewe, neno la kwanza aliloambiwa lilikuwa lipi? Aliyekuwapo atuambie.